Nataka Macho Tu

Ruqayya alisoma darasa la tatu chini ya meza ya kulia chakula. Huko ndiko alikojichimbia tangu Sydney ilipofungwa mara ya pili kwa korona, yeye na kompyuta ya kuazimwa na shule, kamera kaizima, jina lake likikaa peke yake kwenye kisanduku cheusi. Mama yake, Jokha, alirudi kutoka kazini akiwa hoi, mikono ikinuka dawa ya kufulia mashuka ya nyumba ya wazee, akainama kumchungulia.

"Umekula, mwanangu?"

"Yes, Mum."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya kutwa. Mtoto alikielewa Kiswahili, hata cha mafumbo, lakini majibu aliyatoa kwa Kiingereza, tena machache, kwani alikuwa na kigugumizi na kila neno lilimgharimu. Jokha aliketi sakafuni, akaegemea mguu wa meza bila hata kuvua barakoa. Alitamani na yeye angekuwa na mahali pa kujizimia.

Mumewe, Khamis, alikuwa chumbani akijiandaa kwa mkutano. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa, na nguvu zote alizozoea kuzimalizia kwenye vyuma alikuwa amezihamishia kwenye shule. Watu wa msikiti wao hapo Auburn walikuwa wamepata ghala la zamani la mazulia, pamoja na ruhusa ya kufungua shule mwezi wa Januari. Serikali ingetoa sehemu kubwa ya fedha, wazazi wangeongeza kidogo, na kamati, ambayo Khamis alikuwa mjumbe wake na mshika funguo za ghala, ingejiendeshea mambo: ingeajiri walimu iwatakao na kupokea watoto iwatakao. Watu walibishana hadi ndugu wakanuniana. Wengine walisema mlipa kodi ana haki ya shule inayomjua Mola wake. Wengine wakauliza vipi fedha ya wote iende kwenye mlango usiofunguka kwa wote. Mwamba ngoma huivutia kwake. Jokha, aliyekuwa na deni la usingizi la miezi, alikwisha kumwambia mumewe, "Haya, tumpeleke." Alisema hivyo apate kulala.

Mkutano ulifanyika kwa Zoom. Khamis alizungumza vizuri, na Jokha, akisikiliza kutoka jikoni, aliona fahari.

"Watoto wetu wanatupotea huku tunawatazama," Khamis alisema. "Binti yangu namsalimia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Nataka mahali ambapo hata jina lake halitafunwi."

Jambo hilo lilimchoma hata Jokha.

Kisha mama mmoja akaomba nafasi. Binti yake hasikii vizuri, alisema, je, atapokewa? Mwenyekiti alikohoa kidogo. "Inshallah mwaka wa pili, dada. Kwa sasa hatuna mwalimu wa kumsaidia." Yule mama akashukuru, na muda si mrefu uso wake ukatoweka kwenye kioo.

"Na wetu?" Jokha aliuliza mkutano ulipokwisha. "Wetu ana kigugumizi."

"Wetu ni mtoto wa kamati." Khamis alilisema taratibu, bila kiburi, akizichezea funguo za ghala. "Na najua utakalosema. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Sijasema kitu, Baba Ruqayya. Nimechoka tu."

"Basi waandikie ujumbe shuleni kwake kuwa anatoka, yaishe."

"Mtoto nilimkabidhi kwa mkono. Siwezi kumtoa kwa simu."

Hilo la kukabidhi lilikuwa na kisa chake. Kwao Tanga, mzazi akimtia mtoto chuoni kusoma Kurani humshika mkono hadi mbele ya mwalimu, akasema: huyu ni wako, mimi nataka macho tu. Yaani mfunze, mkanye, hata mchape, ila usimtie kilema. Jokha alipompeleka Ruqayya shule ya serikali ya mtaani kwao, aliona adabu ndiyo hiyo, akayasema maneno yale kwa Kiingereza chake cha siku zile: chukua kila kitu, mimi nataka macho tu. Mwalimu kijana aliyeitwa Miss Tran aligeuka rangi. Kesho yake Jokha aliitwa ofisini, akamkuta mwalimu mkuu, bibi wa ustawi wa watoto, na mkalimani kwenye simu, wote wakitaka kujua nani anakusudia kumtoa nani macho. Mkalimani, mtu wa Malindi, alicheka hadi akaomba radhi.

Jokha hakubaki na aibu ya siku ile. Alibaki na kitu kingine. Miss Tran alipokwisha kueleweshwa, aliinuka, akamshika Ruqayya mkono, akasema, "Basi nimempokea." Mwaka ule mzima mtoto hakutamka neno darasani, na hakuna aliyemuuliza Jokha kama amekosea mlango.

Siku yake ya mapumziko alikwenda shuleni kuaga. Njiani alirudiarudia maneno ya kuaga: nilikuletea, umenitunzia, nimekuja kumchukua, tuwiane radhi. Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa, ikiwachunga waliotoka majumbani. Miss Tran alisimama nyuma ya lango la shule akiwapitishia wazazi vifurushi vya vitabu, macho mekundu juu ya barakoa.

"Rukaya amekwambia?" aliuliza kwa Kiingereza, akilitafuna jina vilevile kama siku zote. "Saa ya chakula huwa nampigia kwenye kompyuta, mimi na yeye tu. Ananisomea ukurasa mmoja. Amesema chini ya meza hakuna anayemsikia."

Jokha alishika chuma cha lango. Alikuwa akidhani mtoto anajificha.

"Unakumbuka ulivyonitisha?" Miss Tran aliendelea. "Ulitaka macho tu. Sasa mwaka huu hata mimi sijaachiwa kingine. Nyote nawaona macho."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

"Ningekuja kumchukua, je?" Jokha aliuliza.

Mwalimu alimpitishia kifurushi chake. "Ningekukabidhi," alisema. "Kwa mkono, kama ulivyomleta."

"Na mambo yakimshinda huko, akarudi?"

"Anayekaa mtaa huu ni wetu. Hatumuulizi kitu." Akatazama saa yake. "Niwie radhi, naenda kumpigia."

Jokha alitembea polepole, kifurushi kikiwa kifuani. Yale maneno ya kuaga yalikuwa bado mdomoni mwake, mazima.

Nyumbani Khamis alikuwa amesimama mlangoni, viatu miguuni, tayari kwenda ghalani. "Umewaaga?"

"Nimewasalimu."

Khamis alitaka kusema neno, Jokha akaweka kidole mdomoni. Chini ya meza sauti ilikuwa ikisoma. Ilikwenda, ikakwama kwenye neno moja, ikalipigapiga, ikanyamaza. Kwenye kompyuta mtu alikuwa akisubiri bila kumhimiza. Kisha neno likatoka, na jingine, na sentensi ikafika mwisho wake.

Khamis, ambaye kwa miezi hakuwa amemsikia bintiye akimaliza sentensi, alishuka polepole hadi sakafuni. Funguo za ghala zilianza kulia mkononi mwake. Akazifumbata zisitoe sauti.