Mikono ya Mkalimani

Mwalimu aliyetufundisha ukalimani alikuwa akituambia kwamba mkalimani ni masikio na mdomo, basi. Hana maoni, hana machozi, wala hana mikono. Hamgusi mgonjwa, hampi maji, hamshikii mkoba. Kazi hii nimeifanya miaka mingi katika hospitali na maofisi ya London, na sheria hiyo nimeishika vizuri, maana mimi ni mwepesi wa hasira, na nikipewa nafasi ya kusema yangu nitasema mpaka wenye nyumba wahame. Lakini siku Émilienne aliponinyooshea mikono yake, nilitamani mwalimu yule awepo chumbani anijibu maswali machache.

Mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Natanguliza hilo kwa sababu Wazanzibari wenzangu wa Kilburn nawajua. Kabla sijafika nusu, mtu atauliza imekuwaje siri ya mgonjwa imetoka.

Émilienne ni mama wa Bukavu, mjane, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee huko Lewisham. Wazee wa watu anawaogesha, anawageuza, anawalisha, na wanampenda. Mtoto mchanga hamshiki. Kanisani kwao ibada ikiisha vichanga hupitishwa paja kwa paja, huyu ambusu, yule amwombee, na kichanga kikikaribia benchi lake Émilienne huinuka akaenda msalani. Wanawake walishaanza kunong'ona. Walisema mwanamke anayekwepa watoto bila shaka ana kitu mikononi asichotaka kionekane.

Huzuni yake ilikuwa ya miaka. Alishapewa vidonge vya aina hii na aina ile, na havikumsaidia kitu. Kilichomleta kliniki kwa haraka ni mimba ya binti yake, Shekinah, aliyezaliwa hapa hapa, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Shekinah alikuwa amemwambia mama yake kwamba anamtaka awepo chumba cha uzazi, na kwamba mtu wa kwanza kumpakata mtoto, baada yake, awe yeye.

"Akizaliwa na nikashindwa kumubeba," Émilienne alimwambia mtaalamu wa afya ya akili siku ya kwanza, "binti yangu atajua simupendi. Ataniambia nini tena?"

Mtaalamu huyo aliitwa Mahendra, mwanamume mpole wa sauti ya chini, ya chini mno kwangu, kwani mimi ndiye niliyetakiwa kuisikia na kuifasiri. Kwa wiki kadhaa walizungumza tu, dawa haikuguswa. Ndipo Émilienne alipotueleza ya Israël, mwanawe wa kwanza. Wakati wa vita walikuwa wanakimbia, lori likawashwa, na yeye akamnyanyua mtoto akampa mwanamke aliyekuwa juu, akidhani atapanda nyuma yake. Lori likaondoka. Alimtafuta kambi kwa kambi, mwaka baada ya mwaka, na hajamwona mpaka leo. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma ratiba ya basi, bila chozi. Nilichokiona mimi ni kwamba muda wote huo alikuwa ameikalia mikono yake.

Sasa, dawa yenyewe ilikuwa ketamini, na hapo ndipo mori uliponipanda. Sufian, mtoto wa dada yangu, aliianza kwenye madisko ya watu, akainunua mitaani, na leo kibofu chake kimeharibika na hawezi kupanda treni bila kujua kwanza choo kiko wapi. Kijana wa ishirini na kitu. Kwa hiyo Mahendra alipoanza kueleza kwamba madaktari wamekuwa wakiitumia muda mrefu kulaza watu kwenye upasuaji, kwamba kwa kipimo kidogo na chini ya uangalizi huweza kulegeza kilichokaza, damu ilinichemka. Na mkalimani hufasiri kwa nafsi ya msemaji. Mahendra aliposema ana imani na matibabu haya, ilinibidi mimi Suad niseme kwa ulimi wangu, "Mimi nina imani na matibabu haya," huku moyoni naitukana dawa na aliyeitengeneza.

Nakubali hata hivyo kwamba hakumdanganya. Alimwambia dawa peke yake haimponyi mtu, kazi ni mazungumzo ya kabla na ya baada. Alimwambia pia kwamba atakachokiona akiwa ndani ya dawa si ushahidi wa kilichotokea, wala hakimrudishi mtu. Émilienne aliitikia kwa kichwa. Mikono ilikuwa chini ya mapaja.

Mara ya kwanza alipodungwa aliona rangi, akacheka. Mara ya pili alilia bila kusema neno. Iliyobaki ilikuwa ya tatu, ya mwisho katika mpango wake, na Shekinah alikuwa amekaa chumba cha kungojea na tumbo lililoshuka, siku yoyote sasa.

Jane, muuguzi, alimfunga kipimo cha presha kwenye mkono mmoja na kumdunga bega la pili. Émilienne alilala kwenye kiti kilichoinamishwa nyuma, kitambaa juu ya macho. Wagonjwa wengine huwekewa muziki masikioni, yeye aliukataa ili anisikie mimi. Kiti changu kilikuwa karibu na sikio lake. Walishakubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna atakayemgusa isipokuwa Jane, tena begani, tena akiomba mwenyewe.

Huko nje wauzaji wa soko la Lewisham walikuwa wanaita wateja wa ndizi. Kisha Émilienne akasema kwa sauti nyembamba, "Gari inawaka."

Nikafasiri. Mahendra akasogea kidogo.

Mikono ikatoka chini ya mapaja. Sikuwahi kuiona imetulia mahali pa wazi kwa muda wote ule, na sasa ilipanda polepole, ikajikunja, ikapakata kitu ambacho sote tulikijua. Waya wa presha ulivutika. Mashine ikalia mara moja, na Jane akaibonyeza ikanyamaza. Émilienne akageuza uso wake uliofungwa, akautafuta upande ilikotoka sauti yangu.

"Mama, wewe unasema Kiswahili," akasema. "Ni wewe uko juu ya gari. Mupokee."

Nikafasiri neno kwa neno. Akanyoosha mikono yote miwili kwangu, juu, kama mtu anayempa mzigo mwenzake aliye juu ya ukuta.

"Mupokee, mama. Gari inaenda."

Mikono yangu ilishainuka, Mungu ni shahidi wangu. Ningefanya nini? Mwanamke ananililia kwa lugha yangu, na katika chumba kile hapakuwa na mwingine wa kumwelewa. Lakini nikawaza: nikipokea, mimi ndiye ninayeondoka na mwanawe mara ya pili. Na nisipopokea, namwacha barabarani naye, na wanaowafukuza wanakuja. Nikaivuta mikono yangu, nikaikalia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

Nilimkodolea macho Mahendra aseme chochote, hata upuuzi wake wa kumuuliza mtu mwili unahisi nini. Jane alimwonyesha kioo cha mashine na kumnong'oneza kwamba presha inapanda, ikiendelea hivi itabidi waingilie kati. Mahendra aliinua kidole kimoja, kuomba subira. Mikono ya Émilienne ilikuwa imelemewa na uzito wa kitu kisichokuwepo.

"Unataka kumtoa?" akauliza Mahendra hatimaye, na mimi nikalisema swali hilo kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo Émilienne alikwisha kuikabidhi kwa mwanamke wa kwenye lori.

"Sitaki," akajibu. "Sikutakaka hata siku moja. Lakini banakuya. Banatusukuma." Wanakuja, nikafasiri, wanatusukuma.

"Kabla hujampa, kuna kitu unataka kumwambia?"

Nilifasiri. Mikono yake ilibaki juu, nikafumba macho. Nilipofumbua, mikono ilikuwa imeshuka kifuani. Alikuwa ameinamisha kidevu.

"Israël," akasema. "Mama yako hakukutupa. Nilitaka wewe ufike, miye nibaki. Yule mama simujui jina. Nilimuangalia uso, nikaona iko na huruma, njo maana nilikupatia yeye. Sikukuambia kwaheri. Nilidhani nakuja. Mutoto wangu, nilidhani nakuja nyuma yako."

Aliendelea hivyo, akamweleza habari za baba yake, za London, za dada yake anayejibu kwa Kiingereza. Na mimi nikafasiri kila neno kama nilivyofundishwa. Kiingereza changu kilikatika mara mbili, Mahendra akasubiri nikiunganishe. Mwisho alibusu hewa mahali ambapo pangekuwa paji la uso la mtoto, akaiweka mikono mapajani, viganja juu, wazi. Jane alitazama kioo, akashusha pumzi, akaitikia kwa kichwa kwamba presha inashuka.

Jioni ile kwenye kituo cha treni nililia mpaka mama mmoja asiyenijua akanipa karatasi za kufutia. Sijui nilikuwa namlilia nani. Kidogo Israël, kidogo Sufian, kidogo mimi na ile mikono niliyoikalia.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Shekinah alijifungua mtoto wa kiume wiki ile ile, na Émilienne alikuwepo chumbani tangu uchungu wa kwanza. Mtoto alipofutwa na kufungwa kitambaa, Shekinah alimwelekezea mama yake, na Émilienne akarudi nyuma mpaka ukutani.

Alitueleza hayo alipokuja kwa mazungumzo ya baada ya dawa. Hakuwa tena kama mtu anayesoma ratiba ya basi, machozi yalikuwa yanamtiririka na sauti imepasuka. Shekinah hakumlaumu, alisema. Alimtazama tu, kisha akamlaza mtoto kitandani pembeni yake, na tangu hapo hajamuuliza tena. Nilisikia hasira ile ya zamani inapanda. Nilitaka kumwambia Mahendra, haya, iko wapi dawa yako?

Yeye alimuuliza Émilienne anaogopa nini hasa mtoto akiwa mikononi mwake.

"Siogopi kumubeba," akasema. "Naogopa kumutoa. Mutoto habebwi siku zote. Lazima umupatie mutu. Na ukimupatia mutu, harudi."

Mahendra hakumbishia. Alimuuliza kama yuko tayari kulijaribu hilo ndani ya chumba hiki, hapa, Shekinah akikubali. Émilienne akasema atajaribu, lakini hamwahidi kitu.

Walikuja pamoja mara iliyofuata, kwenye mvua, Shekinah na kigari cha mtoto ambacho hakikupita vizuri mlangoni. Alikuwa amechoka, tena amejihami, kila mtu aliliona hilo. Mahendra alimweleza tena kwamba si lazima. Shekinah alimjibu kwa Kiingereza kwamba amekuja, basi, na macho yake hayakumtoka mama yake. Kisha akamtoa mtoto kwenye kigari, akasimama mbele ya kiti cha Émilienne, na kungoja.

Émilienne aliitoa mikono chini ya mapaja. Shekinah alimweka mtoto juu yake taratibu, akabaki ameinama, viganja vyake chini ya vya mama yake, mpaka mama akasema, "Niko naye." Ndipo Shekinah alipojiondoa. Mtoto alikunja uso, akapiga mwayo, akaendelea kulala. Émilienne alimtazama kwa muda, midomo ikisogea bila sauti. Shekinah akaanza kulia, na sikumlaumu.

Mimi nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nishafunga mkoba wangu kimoyomoyo. Émilienne akainua uso, akanitazama, mara hii macho yake yakiwa wazi.

"Mama Suad," akasema, "mupokee."

Nilifasiri kwanza, kwa mazoea. Kisha nikamwangalia Mahendra, naye akatazama sakafu. Nikamwangalia Shekinah, akatikisa kichwa kukubali. Nikanyoosha mikono ambayo mwalimu wangu alisema sina, na Émilienne akaniwekea mtoto.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto. Émilienne alibaki na mikono mitupu hewani, akipumua kwa mdomo, macho hayabanduki kwangu. Nilimwona anapigana na kitu. Sikusogea hata kidogo, niliogopa asije akadhani naondoka.

"Sasa," akasema, "munirudishie."

Safari hii sikufasiri. Nilimrudishia.