Manyunyu ya Kwanza

Dereva wa gari la mkate alikuwa mtu wa kuheshimu mvua, jamani, tusimsingizie. Ikinyesha ya mawe, aliegesha pembeni akapiga soga mpaka ikatike. Alichokidharau ni manyunyu. Pale kiwandani madereva wote walikuwa na mtindo mmoja: matone yakianza tu, kanyaga mafuta ufike dukani kabla mvua haijakolea, maana maboksi yakilowa mwenye duka anakurudishia mikate yote.

Asubuhi ile yalidondoka manyunyu ya kwanza baada ya miezi mitano ya jua kali. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameketi kando yake akimtania kwamba anakimbia kama bwana harusi aliyechelewa. Akacheka, akaongeza mwendo. Ole wake! Vumbi la miezi mitano na mafuta yaliyovuja kwenye malori vilikuwa vimegandana juu ya lami, na yale matone machache hayakutosha kuviosha. Yalivikoroga tu, barabara ikawa kama sakafu yenye povu la sabuni. Kwenye kona alikanyaga breki, gari likaserereka ubavuubavu, likajibamiza kwenye lori lililoegeshwa, upande wa mkewe. Mkewe alifia palepale; yeye dereva alitoka na mchubuko wa kiwiko.

Msibani, makanika wa kiwandani, rafiki yake wa chanda na pete, alimvuta nyuma ya nyumba.

"Sema breki zilikatika, mimi nitakuunga mkono. Mama mkwe wako hakuwa na mtoto mwingine. Ukimwambia ukweli, utampoteza na yeye."

Na kweli, yule mama alimpenda kama aliyemzaa. Hata siku ile ndiye aliyekuwa akimbembeleza ale, ilhali msiba ni wake. Hilo ndilo lililomkata maini.

Dereva akaingia chumbani kwa mama mkwe, akapiga magoti. Mama akamwekea mkono begani.

"Mama, watu watakwambia ni breki."

"Wameshaniambia, baba. Ajali haina kinga."

"Breki zilikuwa nzima. Niliona manyunyu, nikakimbiza gari. Ni mimi, mama."

Mama mkwe akauondoa ule mkono, taratibu, bila hasira.

"Nilikuwa bado nimebakiwa na mtoto mmoja," alisema. "Si ungenidanganya tu, baba?"