Mluzi wa Dirishani

Kila alasiri upepo ulipovuma kutoka upande wa Gotu, dirisha la chumba cha mama mkwe lilipiga mluzi. Sauti ndefu, ikishuka mwishoni, vile vile Huka alivyokuwa akiita ng'ombe wake. Kabale aliisikia akiwa jikoni, akaacha kukanda unga.

Huka, mumewe, aliondoka mwaka wa 1980 kufuata mifugo Sericho. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Miaka minne ilipotimia, kadhi alimwambia Kabale akae eda. Alikataa. Angekaaje eda ya mtu anayemsikia kila siku?

Lakini kusikia huko kulimmaliza. Alikonda, akaanza kuzungumza peke yake sokoni. Mwishowe akamwita Ekaale, fundi wa madirisha.

Ekaale alibonyeza kioo, kikacheza. "Mama, hii puti inayoshikilia kioo imekauka, imepasuka kote. Upepo unapita hapa."

"Ni upepo tu?"

"Ni upepo, mama."

Aliikwangua puti kuukuu kwa patasi, ikadondoka vipande vipande. Akafuta vumbi, akapaka mbao mafuta, akakanda puti mpya hadi ikalainika, kisha akaisukuma kwa gumba kuzunguka kioo. Nyufa kati ya fremu na ukuta nazo akaziziba.

"Usiiguse wiki mbili," akasema, akaenda zake.

Alasiri upepo ukaja. Vumbi likapiga kioo. Chumbani, kimya. Kabale akashusha pumzi.

"Kabale!" Awo, mama mkwe wake, ambaye macho yake hayakuona tena, alikuwa ameketi kitandani ameelekeza uso dirishani. "Mbona mmemnyamazisha?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Kila siku ananiita, namjibu. Leo nimemwita mimi, haitiki."

Kumbe Kabale hakuwa akisikia peke yake! Akakimbilia kisu, akakichomeka kwenye puti mbichi. Tundu dogo tu, hewa ipite.

Awo alipapasa ukuta hadi akamshika mkono.

"Acha. Miaka yote namwuliza atarudi lini. Hilo hajalijibu hata siku moja."

Wakaketi sakafuni, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu masheikh walikuja kumsomea Huka dua, na Kabale akaingia eda. Kila watu walipoitikia amina, Awo alichelewa kidogo, kama anayesubiri mluzi utangulie.