Hapana ya Arlys Haugen

Vesterby, Minnesota, ni mji ambao neno "hapana" halina kazi. Nyumba yako ikiungua, jirani atasimama uani na kusema, "Naona leo mmepata joto." Arlys Haugen alikuwa binti wa mji huo kindakindaki. Mchana aliendesha kreni, na hakuna aliyemfikia. Jioni aliongoza kwaya, alioka keki za mnada na kulisha paka wa watu waliosafiri, yote kwa sababu aliombwa na hakujua pa kutokea.

Siku hiyo walikuwa wanaondoa mti mkubwa wa mpopla ulioinamia paa la kanisa la Walutheri. Verlyn, mdogo wake Arlys, alikuwa juu, amejifunga kwenye shina. Kazi iko hivi: Verlyn anafunga kipande kwenye ndoano ya kreni, anateremka chini yake, anakata, na Arlys anakipitisha juu ya paa mpaka barabarani. Kizungumkuti ni uzito. Lazima uujue kabla ya msumeno, maana kipande kikishakatwa hakirudi mtini. Kikiishinda kreni, kreni inaanguka nacho, na hapo pa kuangukia palikuwa juu ya kanisa, Verlyn akiwa kwenye njia yake.

Kipande walichotoka kukishusha kilikuwa cha wastani tu, lakini kompyuta ya kreni ililia njia nzima, ikionya kwamba uzito unakaribia kikomo. Mashine ile haikulelewa Vesterby. Ikiwa na neno, inalisema.

Duane Tollefson, mwenye kampuni, alikuwa amesimama chini na fulana iliyoandikwa USALAMA KWANZA mgongoni. Mbele hapakuandikwa kitu, na mbele ndiko lilikokuwa tumbo. Jikoni kwa kanisa akina mama walikuwa wameshatoa hotdishi kwenye oveni, nyama ya kusaga chini, viazi juu, na harufu ilikuwa imemfikia.

"Arlys," akasema redioni, "nawaza tu, si lazima. Vile vipande viwili vya juu, tungevichukua kwa pamoja. Chakula kisipoe."

"Mmh," akajibu Arlys. "Nalo ni wazo." Vesterby hayo ni matusi, lakini Duane alikuwa na njaa.

"Na hiyo kelele, kama si usumbufu, ungeizima? Ufunguo wake uko hapo pembeni. Inawaumiza akina mama vichwa."

"Mimi sina neno," ikaja sauti ya Verlyn kutoka juu. "Mkiona sawa, ni sawa tu."

Arlys aliijua sauti hiyo. Verlyn alipokuwa mtoto, alisimama katikati ya ziwa lililoganda na kusema kwa sauti hiyo hiyo, "Dada, naona barafu inaongea kidogo." Arlys alimvuta kwa skafu, maji yakiwa yamemfika kifuani.

Sasa vidole vya Arlys vilikuwa tayari kwenye ufunguo, vimezoea kutii. Juu, msumeno ukanguruma. Hapo hasira ikampanda, hasira ya miaka yote ya keki na paka.

"Hapana," akasema.

"Samahani?" akauliza Duane.

"Hapana, Duane! Verlyn, zima msumeno! Utakata kimoja, halafu kingine, na hiyo hotdishi ipoe mpaka iote ukungu!"

Mlangoni pa jikoni, Bi LaVonne, mkuu wa akina mama, akaangusha mwiko.

Walikata kimoja. Maji yalichuruzika kwenye jeraha la mti kama bomba lililoachwa wazi. Kompyuta ikapiga kelele, na mguu mmoja wa kreni, ule wa kuizuia isipinduke, ukanyanyuka kidogo kwenye ubao wake, ukatua. Duane aliutazama mguu ule, akavua kofia.

"Kumbe kina maji kidogo," akasema.

Walikula hotdishi baridi, na hakuna aliyelitaja paa. Jioni Bi LaVonne alibisha hodi kwa Arlys na hotdishi nyingine, ya moto. Wakafuata wengine, mpaka meza ikajaa. Vesterby, chakula cha namna hiyo hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba.

"Tumesikia," Bi LaVonne alinong'ona, amemshika Arlys mkono. "Usijali, mama. Hata dada yangu neno hilo liliwahi kumtoka."

Walipoondoka, Verlyn, ambaye hakuna aliyemuuliza hali, alikuwa kwenye sahani ya tatu.

"Hiki ndicho wangekula kwenye matanga yangu," akasema, akajipakulia tena. "Chumvi imepungua."

Arlys akampa chumvi, akakaa, akalia.