Tupa Mpya ya Mchonga Funguo

Mchonga funguo alifunga kibanda asubuhi akaenda duka la vifaa kununua tupa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inachonga ufunguo mmoja tu. Mteja akileta wa kabati, unatoka ule ule. Akileta wa stoo, wa droo, wa kufuli la baiskeli, ni ule ule: meno mafupi mbele, moja refu nyuma, shingo nyembamba.

"Fundi, umenipa tena wa mlango wa watu," wateja walisema, wakauacha mezani, wakaenda zao.

Mlango wenyewe aliujua. Ulikuwa wa nyumba ya marehemu kaka yake. Mazishi yalipopita, baba mdogo alimletea kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo. "Chonga, mwanangu. Ni mambo ya ukoo." Akachonga. Shemeji yake, mjane wa huyo kaka, aliporudi kutoka kazini alimkuta mzee ameshahamia ndani, vyombo viko nje, na watoto wamekaa juu ya godoro wakimsubiri mama yao. Sasa mama na watoto wanapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Nani alichonga ule ufunguo, shemeji hajui.

Lakini kwa mafundi, ufunguo ukikataa, tupa ndiyo hulaumiwa kwanza.

Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimpangia tupa kwenye kaunta.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Ana meno mwili mzima, anakula chuma, wala hanenepi."

"Tupa."

"Umepata. Sasa chagua vizuri, usinibebee kibogoyo."

Akazigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Yenye ncha za meno zinazong'aa aliiacha, hiyo imeshalika. Nyingine ilikuwa na kutu kwenye mitaro ya meno. Nyingine, alipoisukuma juu ya kipande cha chuma, iliteleza kama kijiko kwenye sahani. Ya mwisho ilikuwa ya kijivu mwili mzima, imenyooka alipoichungulia kwa jicho moja, na iliposukumwa iliuma.

Mwenye duka akapuliza vumbi, akakitazama kile chuma cha kujaribia. Kilikuwa na meno mafupi mbele, moja refu nyuma.

"Ona kazi ilivyo safi."

"Si nilichotaka kuchonga, mama."

"Hilo si la tupa, baba. Mimi nauza tupa."

Akainunua, akaitia mpini.

Mchana shemeji yake alifika kibandani na ufunguo wa chumba alichopanga.

"Za kazi, shemeji? Nichongee mwingine kama huu. Hao wanao wamepoteza wa kwao tena, wanaingilia dirishani kama paka."

Akabana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akachonga polepole, kila mara akipima na ule wa mfano. Alipomaliza, shemeji aliupokea, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake.

"Mbona huu ni wa nyumbani kwangu?"

"Ndio unaotoka siku hizi, shemeji."

"Hautanifaa. Mzee anaweka komeo kwa ndani. Na kitanda anacholalia ni changu." Akaugeuza tena. "Wewe unawajua mafundi wenzako. Nani alimchongea mzee ule ufunguo?"

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo. Akaitazama tupa.

"Mafundi ni wengi, shemeji."

"Kweli. Ila huyo ana mkono mzuri. Kitasa hakikukwaruzwa hata kidogo."

Akautia ufunguo kwenye pochi, pamoja na ule wa chumba.

"Basi wanao watanisubiri nje mpaka nitoke kazini. Asante, shemeji. Kwenu kote ni wewe tu uliyebaki kutujali."

Akavuka barabara. Fundi akasugua meno ya tupa kwa brashi, akamwita mteja aliyefuata.