Mafuta Yaliyosukwasukwa Kama Maziwa

Makene aliwasili Kamsamba, bondeni kwa wakwe zake, akiwa na dumu kubwa la dizeli aliyoitengeneza mwenyewe. Malighafi yake ilikuwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi na samaki mjini Tunduma. Alikuwa ameyachuja, akayachanganya na methanoli na kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, akaacha uchafu mzito uzame, kisha akautoa. Ilibaki kazi moja tu: kuyaosha kwa maji, ili mabaki ya dawa yasije yakaharibu injini. Kwa kuwa Tunduma maji yalikuwa yamekatika, aliamua kuyaoshea ukweni.

Mama mkwe wake, Nyanzobe, alimiliki mashine ya kukoboa mpunga. Wenye mashine wote wa bonde lile walimtazama yeye kabla ya kuamua jambo lolote. Alipobadili mkanda, nao walibadili. Mashine yake ikiyakubali mafuta ya Makene, Makene angepata wateja wa bonde zima. Ikiyakataa, baba mkwe, mzee Ndalahwa, alikwisha kumtafutia kazi nyingine: kuchunga ng'ombe wa ukweni.

Ugumu ulikuwa mmoja. Katika ukoo ule, mkwe wa kiume hakutazamana na mama mkwe wala hakuzungumza naye ana kwa ana. Walizungumza kupitia mtu wa kati. Mtu huyo alikuwa Ndalahwa, ambaye hakupenda maneno mengi.

Jioni ile Makene alikaa nyuma ya jiko, Nyanzobe akakaa mbele ya jiko, na Ndalahwa akaweka kigoda pembeni, mahali alipoweza kuwaona wote wawili.

"Baba," Makene alisema, "naomba umweleze mama kwamba mafuta haya bado ni machafu. Yananyunyiziwa maji ya uvuguvugu, taratibu, kama manyunyu. Hayatikiswi hata kidogo. Maji yatashuka na uchafu, nitayatoa, nitarudia mpaka yatoke safi. Nitaifanya kazi hiyo mwenyewe kesho, mama akiwa kanisani."

Ndalahwa aligeuza shingo. "Anasema mafuta yanaoshwa kwa maji."

"Mbona amesema mengi?" Nyanzobe aliuliza.

"Mengine ni ya chuoni."

Kesho yake Nyanzobe hakwenda kanisani. Alikuwa ametengeneza samli tangu usichana wake, na hakuona sababu ya mwanamume kuosha mafuta katika nyumba yenye wanawake. Alimimina maji ndani ya dumu, akalifunga kwa kamba, akalining'iniza kwenye boriti ya kibanda cha jiko. Kisha akaanza kulisukasuka, kwenda na kurudi, kama kibuyu cha maziwa.

Makene alikuwa nyuma ya jiko akipiga mswaki. Alisikia chubwi, chubwi, chubwi. Alielewa mara moja. Alimtafuta Ndalahwa kwa macho, akakumbuka kwamba amepeleka ng'ombe joshoni. Karibu yake hakuwepo mtu, ila kuku aliyeatamia mayai.

"Kuku," alisema kwa sauti ya heshima, "mwambie mama asiyatikise mafuta."

Dumu lilitulia. "Kuku," Nyanzobe alijibu kutoka upande wa pili, "mwambie mkwe asiwe na wasiwasi. Yameanza kuwa meupe."

"Kuku, hicho ndicho kinachonitia wasiwasi."

"Mwambie siagi iko karibu."

"Haitatoka siagi, kuku. Hiyo ni sabuni. Inashikana na maji, na injini haitawaka."

"Kuku," Nyanzobe alisema, "hivi huyu mtu alisomea nini?"

Dumu likaendelea, kisha sauti ikakoma. Makene alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Nyanzobe alikuwa amekwisha kulishusha na kumimina kiasi kwenye bakuli. Kilichotoka kilikuwa kizito na cheupe, mfano wa mtindi. Alikitazama kwa fahari ya mtu aliyefaulu. Kisha akachovya kidole, kama afanyavyo kila mpishi wa samli, akakiinua kuelekea mdomoni.

Makene alizunguka jiko akikimbia na kumshika mkono.

"Mama, usionje. Kuna sumu ndani."

Walitazamana. Mswaki ulikuwa bado mdomoni mwa Makene. Wakati huohuo Ndalahwa aliingia uani, akawaona wameshikana mikono.

"Nimeondoka kidogo tu," alisema.

Nyanzobe alikifuta kidole chake kwenye majani, akanawa, akakaa chini kutafakari. Hatimaye alitoa uamuzi.

"Mkwe hanishiki mkono. Wanaoweza kunishika mkono ni mume wangu na wanangu. Mume ninaye, ingawa hafikishi ujumbe. Kwa hiyo kuanzia leo wewe ni mwanangu."

"Asante sana, mama."

"Usishukuru. Kachote maji."

Makene alichota maji. Sasa aliagizwa moja kwa moja, bila mtu wa kati na bila kupumzika. Aliupasha moto ule mtindi wa dizeli kwa uangalifu, mbali na miali, akaongeza maji ya chumvi ili mafuta yaachane na maji. Yalipoachana, aliyanyunyizia maji safi kwa kopo lililotobolewa, akayatoa, akarudia. Nyanzobe alisimama nyuma yake.

"Taratibu, mwanangu. Kama manyunyu. Baba yako hakuniambia kwamba ni kama manyunyu."

"Nilisema yanaoshwa," Ndalahwa alijitetea.

Mwishowe mafuta yalichemshwa mpaka mapovu ya maji yakaisha na rangi yake ikang'aa kama asali mbichi. Nyanzobe aliyamimina mwenyewe kwenye tangi. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Makene alifumba macho, akaanza kuwaza ng'ombe. Ndalahwa akazungusha tena hendeli ya kuiwashia. Injini ilinguruma, na moshi wenye harufu ya chipsi ukatanda juu ya wateja waliopanga foleni na magunia yao.

Lusungu, mwenye mashine ya jirani, alikuwa amekuja mahususi kucheka.

"Mama Nyanzobe, mashine yako inanuka kibanda cha chipsi."

"Vizuri. Wateja wanasikia njaa, kwa hiyo hawabishani, wanataka mchele wao waende kupika. Yako inawafanya wasikie nini?"

Lusungu aliitazama foleni ile. Kisha alimsogelea Makene na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama dumu lingine lingeweza kupatikana.

Nyanzobe alijibu kabla Makene hajafungua mdomo.

"Atakuletea. Nenda kamwambie mkeo asiyasuke. Na umwambie maneno yote."