Maji Yaliyosingiziwa

Osée alianguka mchangani, si majini, na mama yake Germaine hakuchoka kumshukuru Mungu kwa hilo. Kijana alikuwa anavuta mtumbwi ukingoni, hapa Kisangani, akasema roho, yaani moyo, inamwenda mbio, kisha akaenda chini kama gunia. Alipozinduka alidai ni njaa. Njaa gani! Asubuhi hiyohiyo alikuwa amefagia pondu, kisamvu cha kwao, ya watu wawili.

Hospitalini Daktari Priscille alimpima moyo kwa mashine, akakunja uso. Msuli wa moyo ulikuwa mnene kupita kiasi, na mapigo yalivurugika: mara yanakimbia, mara yanaruka. Ugonjwa huo, alieleza, mtu huurithi kwa mzazi wake.

"Mama, mu famille yenu kuko mutu alikufa gafula?"

"Hapana, docta. Kwetu hakuna."

Germaine hakudanganya. Katika ukoo wao, watu wa mtoni wa Yanonge, aliyefia majini hakuwekwa pamoja na wagonjwa. Walisema tu maji yalimbeba, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Na papa yake?"

"Faustin? Ule, mai ilimubeba. Ndugu yake Célestin pia."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hawakujua kuogelea?"

Germaine nusura acheke, halafu akapandwa na hasira. Kumwuliza mtu wa Yanonge kama mumewe alijua kuogelea!

"Docta, Faustin alikuwa anavuka mto na mukono moja!"

"Bon. Siku ile mai ilikuwa mubaya?"

"Hapana, ilikuwa imetulia. Walikuwa wanashindana na mitumbwi, yeye iko mbele, anacheka, mara anaanguka mu mai kama gunia, sawa Osée..."

Hapo akaelewa. Miaka yote ile alikuwa ameuchukia mto, hata nguo alikataa kufulia pale, kumbe mumewe alikwisha kuondoka kabla maji hayajamgusa.

"Haikuwa mai, mama," daktari alisema taratibu. "Roho ndiyo ilisimama kwanza."

Germaine alilia kwa sauti, bila haya, huku Osée akimshika bega.

Osée akapewa vidonge vya kutuliza mapigo, akakatazwa mashindano, kazi nzito, na kwenda mtoni peke yake. Alinuna, lakini alimeza. Kisha daktari akaomba dada yake Osée, Tania, aletwe pia, ingawa alikuwa hajawahi kusikia hata kizunguzungu. Tania alikuja akilalamika kwamba anapotezewa siku ya masomo.

Mashine ilionyesha msuli uleule mnene.

Daktari akaanza, "Pole, mama..."

Germaine alimshika mikono yote miwili.

"Usiniambie pole, docta. Faustin, hakuna mutu alimuambia. Batoto yangu, umebaambia bakiwa bazima. Aksanti. Aksanti sana."